Nkambo Hana Mkia

Alhamisi moja ya Machi 1993, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Mama Shekina alikuwa akisukuma baiskeli yenye magunia ya makaa kutoka upande wa Mutshatsha. Karibu na njia panda ya Mashamba alisikia kishindo mbele yake, kisha gari jekundu likampita kwa kasi na kumrushia tope usoni. Alipofika mahali pa kishindo alimkuta Mama Dodo, mkunga mzee wa Kolwezi, amelala ukingoni mwa barabara. Sufuria ya uji ilikuwa imepinduka kando yake, na uji ule mweupe ulikuwa ukichanganyika na damu na maji ya mvua. Mkunga alikuwa bado anapumua. Alishika kikwembe alichojifunga Mama Shekina, akasema, "Nkambo... njo Nkambo," yaani ni Nkambo. Kisha akakata roho.

Kufika saa moja asubuhi, mji ulikuwa umekwisha kutoa hukumu. Nkambo ni mzazi wa mzazi. Na Nkambo ndilo jina ambalo mji ulilipa gari la mhandisi Badibanga, Porsche nyekundu ya mwaka 1976 aliyoachiwa na Mbelgiji mmoja. Kolwezi ilikuwa na Porsche nyingine moja tu, nyekundu vilevile, ya mwaka 1990, nayo watu waliiita Mujukuu. Hiyo ilikuwa ya Kabongo, mkuu wa kamati ya vijana, ambaye tangu Jumatatu alikuwa akimwambia kila mtu kwamba ameipeleka Lubumbashi kwa fundi.

Umati ulilipiga Nkambo mawe mpaka taa na vioo vikavunjika, ukalisukuma hadi ua wa polisi, ukamtupa Badibanga mahabusu. Hakuna aliyehitaji ushahidi zaidi. Badibanga alizaliwa Kolwezi, lakini wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na katika miezi ile watu wa Kasai hawakuitwa watu tena. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Walifukuzwa kazini, wakatolewa majumbani, wakarundikwa kituo cha treni kungoja mabehewa ya kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona.

Kesi ilikabidhiwa Inspekta Valérie Kabemba, mzaliwa wa Kabalo, kaskazini mwa Katanga. Kamanda wake hakumficha kitu.

"Jumamosi saa sita treni inaondoka," alisema huku akijichokoa meno. "Bibi ya Badibanga na binti yake banaenda nayo. Yeye anabaki kwetu. Funga faili, Valérie. Siku treni itaondoka, vijana watakuja kumuchukua, na mi sitakuwa na polisi wa kutosha."

"Watamchukua wampeleke wapi, Kamanda?"

Kamanda aliutazama ule uchafu aliouchokoa kwenye meno, akaufuta kwenye kiti.

Mahabusu ilinuka mkojo wa siku nyingi. Badibanga alikuwa amesimama katikati ya chumba, kwa kuwa hapakuwa na ukuta safi wa kuegemea. Shati lake lilikuwa limechanika begani, lakini alikuwa amelifunga vifungo vyote hadi shingoni.

"Leo alfajiri ulikuwa wapi, Tata Badibanga?"

"Kituo cha treni, na bibi yangu Yolande na mutoto wetu Kabedi. Tulilala pale chini ya turubai tangu Jumanne, siku yenye balitutosha, balitufukuza mu nyumba."

"Na gari?"

"Lilibaki mu gereji. Ungetaka nilipakie mu behewa la ng'ombe?" Alicheka kidogo. "Mama Inspekta, Dodo njo alizalisha Kabedi. Uji ule wenye ulimwangika, alikuwa analetea sisi. Kila asubuhi alituletea. Mi nimuue mutu mwenye kunilisha?"

"Nani mwingine alikuwa na funguo?"

Badibanga alipunguza sauti. "Tshimanga. Mupwa wangu."

Tshimanga, kijana wa gereji mwenye kucha nyeusi kwa mafuta, alikuwa kituoni kati ya godoro na kuku waliofungwa miguu. Mvua ilikuwa imejaza vyoo vya kituo hadi vikafurika, na watoto walikuwa wakila mihogo hatua chache kutoka kwenye mfereji wa maji hayo machafu. Inspekta aliuruka mfereji huo. Majirani walikuwa tayari wamemwambia kwamba Jumatano jioni kijana huyo alitoroka kituoni, akarudi giza limekwisha ingia.

"Ulienda wapi?"

"Kutembea."

"Tshimanga, mjomba wako atakufa keshokutwa. Ulienda wapi?"

Kijana alitazama huku na huku, akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kitambaa. Kilikuwa kichwa cha delco, kile kinachogawa umeme kwa plagi za injini. "Nilikitosha kwa Nkambo jana jioni, ili bezi basimuibe. Bila hiki, Nkambo ni sanduku tu."

Inspekta alikigeuza kiganjani. "Ungeweza kukitoa leo alfajiri, baada ya kumgonga Mama Dodo. Na wewe njo unajua kuendesha."

"Basi nifunge na mi," alisema Tshimanga kwa uchovu. "Pale ndani angalau paa haivuji?"

"Inavuja."

Inspekta alitoka hapo akaenda njia panda ya Mashamba. Mvua ilikuwa imesafisha damu, lakini ndani ya majani ya ukingoni aliokota kipande cha plastiki ngumu, kilichopakwa rangi nyekundu upande mmoja. Alirudi nacho ua wa polisi, akapiga magoti mbele ya Nkambo. Bampa ya gari lile la zamani ilikuwa ya chuma, imebonyea kwa mawe, na pembeni ina mpira mweusi wenye mikunjo kama ya kinanda cha mkono. Alilizunguka gari zima. Plastiki nyekundu hakuiona popote.

Ijumaa asubuhi alikwenda nyumbani kwa Badibanga. Aliyoyakuta yalimchefua kuliko mahabusu. Wezi walikuwa wameng'oa milango, fremu za madirisha, hata sinki la jikoni. Mtu mmoja alikuwa amejisaidia juu ya picha ya komunyo ya kwanza ya Kabedi. Nje, mlango wa gereji ulikuwa umefungwa kwa kufuli mpya inayong'aa.

"Nyumba hii imepewa nani?" alimwuliza jirani.

"Chef Kabongo, tangu jana. Asema ataitengeneza."

Inspekta alisimama akiitazama ile kufuli. Nyumba isiyo na mlango hata mmoja ilikuwa na gereji iliyofungwa, na gari la gereji hiyo lilikuwa ua wa polisi.

Kilio cha Mama Dodo kilikuwa mtaa wa Manika, nyumbani kwa mdogo wake, Mama Ngoie. Wanawake walikaa mikekani, sauti zimewakauka. Kabongo aliingia akiwa amevaa suti ya kijivu iliyombana mabegani, maana ilishonwa kwa kipimo cha mtu mwembamba zaidi. Yeye alikuwa mtoto wa kaka yao, na msiba ulikuwa wake pia.

"Nkambo, karibu," Mama Ngoie alimwambia bila kuinua macho. "Kaa chini, bakuletee chakula."

Aliletewa kuku. Alimla kwa vidole vyote, akafyonza mifupa mmoja mmoja, mafuta yakimtiririka kwenye mkono wa suti, huku wanawake wakilia. Inspekta alivumilia mpaka mfupa wa mwisho, kisha akasogea karibu naye.

"Chef Kabongo, nisaidie. Mi sijui magari. Nkambo na Mujukuu banafanana kabisa, batu banachanganya. Tofauti ni nini?"

Uso wa Kabongo uling'aa kuliko kufuli ya gereji.

"Banafanana? Mama Inspekta, usinitukane! Ile ya Badibanga ni chuma ya bazee. Usukani mugumu, mpaka mikono inauma. Breki, ukikanyaga sana, magurudumu yanakamatana na gari linateleza. Yangu? Usukani unageuza na kidole moja. Breki inajifikiria yenyewe. Bampa, hakuna tena bile bichuma bya zamani: plastiki safi, rangi moja na gari." Aliramba kidole. "Na mukia! Ukipita kilomita makumi nane kwa saa, mukia unajiinua peke yake kwa nyuma, ili upepo usikuinue. Ukipunguza, unashuka. Nkambo hana mukia. Nyuma eko bapa sawa sahani."

"Ajabu," alisema Inspekta. "Na sasa iko Lubumbashi."

"Tangu Jumatatu."

Alimshukuru, akatoka, akanawa mikono bombani ingawa hakuwa amemgusa.

Alimkuta Mama Shekina sokoni, nyuma ya mafungu yake ya makaa. Karatasi ya polisi ilikuwa na neno lake moja tu: Nkambo.

"Mama, mbali na kusikia, uliona nini?"

"Niliambia polisi, bakanichekelea. Basema mi nilikuwa na usingizi."

"Mi sitacheka."

"Lile gari lilipokimbia lilikuwa limefungwa nyuma, sivyo? Halafu kabla ya kona likafunguka yenyewe. Likainua mukia, sawa nkuku yenye inataka kutaga." Mama Shekina alimtazama kwa mashaka. "Basema ni kifuniko cha Nkambo kilikuwa kimevunjika."

"Kifuniko cha Nkambo hakikuvunjika. Nimekifungua mi mwenyewe. Kesho asubuhi njoo Manika, kwenye kilio."

Jumamosi saa tatu, Inspekta aliingia uani kwa Mama Ngoie pamoja na Mama Shekina na polisi wawili waliochukia kazi ile. Kabongo alikuwa kwenye kiti chake cha jana. Mabehewa yalikuwa tayari yamesogezwa kituoni. Honi ilisikika hadi pale.

"Mama Ngoie, samahani kwa kuvunja kilio," Inspekta alisema. "Nina swali moja. Dada yako aliliitaje gari la Tata Badibanga?"

"Motoka ya Badibanga."

"Hakuliita Nkambo, kama mji mzima?"

"Dodo?" Mwanamke mzee aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Dodo alikuwa anakasirika batu bakisema vile. Nkambo njo alitulelea, baba yetu alipokufa mu mugodi. Asema hawezi kuipa chuma cheo cha mutu mwenye alimulelea. Nilimusikia akigombeza hata Padri."

"Basi, alipokuwa anakufa na kusema 'njo Nkambo', hakutaja gari. Katika ukoo huu, aliye hai na kuitwa Nkambo ni nani?"

Kilio kilikatika kama kamba. Wanawake wote walijua. Wote walikuwa wamemkaribisha kwa jina hilo. Kwa kuwa alirithi jina la babu yule mlezi, Kabongo aliitwa Nkambo tangu alipokuwa akibebwa mgongoni.

"Ni bongo, uongo mutupu!" Kabongo alisimama. "Dodo alikuwa muzee, aligongwa kichwa! Mi gari yangu iko Lubumbashi!"

"Gari lako liko mu gereji ya Badibanga, nyuma ya kufuli mpya. Tumeikata leo saa moja asubuhi. Bampa yake ya plastiki imevunjika upande wa kulia, na kipande hiki kinaingia pale pale." Alikifungua kiganja chake. "Mama Shekina aliona gari lililoinua mkia peke yake. Na jana uliniambia wewe mwenyewe, huku unaramba vidole: Nkambo hana mukia."

Kabongo alitazama polisi wawili, ambao kila siku walikunywa bia yake. Walitazama pembeni. Ndipo akageuka kwa shangazi yake, na sauti yake ikawa ya kitoto.

"Mama, alitaka kuniharibu. Alisema Jumapili atasimama mu kanisa, mbele ya batu bote, ataje manyumba yenye nilichukua na batu benye nilitosha. Sababu ya bilulu! Nilimuomba. Alikataa. Senga yangu mwenyewe, dada ya baba yangu, anabeba uji kwa bilulu!"

"Kwa hiyo ulimungoja mu barabara," alisema Inspekta. "Na hukukanyaga ile breki yenye inajifikiria."

Kabongo alirudi nyuma hatua moja.

Mama Ngoie alisimama taratibu, akishikilia bega la jirani. Alimkaribia mpwa wake, akaishika kola ya suti ile ya mtu mwingine, akaikunja aone ndani. Palikuwa na herufi mbili za majina ya Badibanga, zilizotariziwa kwa mkono wa mkewe Yolande: B.T. Aliiachia kama mtu aliyeshika kitu kilichooza.

"Jina lile lilikuwa letu," alisema. "Tulikuazima. Leo tunalitosha kwako. Asikie kila mutu hapa: huyu ni Kabongo bure, Kabongo wa barabarani. Nkambo wetu alikufa zamani." Alitema mate chini, na wanawake wote mikekani wakatema.

Saa sita kasoro dakika chache, Kabongo akiwa mahabusu mahali pa Badibanga, Inspekta na Badibanga walitembea haraka kuelekea kituoni. Umati ulikuwa umejipanga pande zote mbili za njia, na habari za Manika zilikuwa zimekwisha fika. Hakuna aliyerusha jiwe. Yolande alikuwa ameinama mlangoni mwa behewa akimpungia mkono kwa nguvu, na Kabedi aliruka chini kumlaki baba yake. Tshimanga alikuwa amekaa juu ya magodoro. Alikirusha kile kichwa cha delco juu na kukidaka, kisha akakirudisha mfukoni. Nkambo asingemtumikia mtu Kolwezi tena.

Badibanga alipanda, kisha akageuka.

"Aksanti, mwanangu," alisema. "Umenifungulia mulango wa gereza, ili nifukuzwe kama wenzangu."

Inspekta alibaki ukingoni mwa reli. Katika kesi nzima alikuwa amejivunia kwamba kila kitu kina jibu, na sasa behewa lilianza kusogea mbele yake, limejaa watu ambao hawakushtakiwa kwa lolote. Nyuma yake, kutoka ndani ya umati, sauti ikapaa kwa furaha:

"Bilulu bende, baende kwabo!"

Aligeuka. "Nani amesema hivyo?"

Alitazama nyuso moja baada ya nyingine, kama alivyofundishwa, akitafuta jicho linalokwepa. Na macho yote, ya wauza mikate, ya makarani, ya polisi wake wawili, yalikwepa.