Vipimo vya Chumba cha Nyuma

Kila alasiri akitoka shule, Aiperi alizoa majivu ya jiko, akajaza ndoo ya makaa ya mawe, kisha akachungulia chumba cha nyuma. Kitanda cha mama kilikuwa palepale na blanketi limekunjwa vilevile. Aliufunga mlango upesi, maana sisi watu wa Naryn, huku milimani, baridi hatuikaribishi, hujikaribisha yenyewe.

Mama alikuwa Jalal-Abad, kusini kwenye joto, nyumbani kwa bibi, pamoja na Bekzat, mdogo wake Aiperi mwenye miaka mitatu. Jiko lao lilipasha joto chumba kimoja tu, tena lilitema moshi kila upepo ulipogeuka, na kifua cha Bekzat hakikuweza kuuvumilia. "Chumba cha nyuma kikipata joto bila moshi, tutarudi," mama alisema siku alipoondoka. Mwaka ukapita. Aiperi alipatwa na hamu ya mama hata akisikia mwanamke mwingine akicheka barabarani.

Vuli hiyo baba yake, Taalai, aliamua kuweka boila la kuchemsha maji kwa makaa, mabomba ya kuyasambaza na rejeta za ukutani za kutoa joto nyumba nzima. Mzee Satar, fundi wa mtaa, alitaka vipimo kwanza.

"Wewe ndiye mwenye hesabu humu ndani," baba alimwambia Aiperi, akimpa tepu. "Pima kila chumba. Usikosee."

Hakukosea. Lakini alipomaliza chumba cha mama aliona mita nne kwa tatu ni kidogo mno. Chumba kidogo si kitapewa joto kidogo? Akafuta, akaandika sita kwa tano. Kisha akaviongezea na vyumba vingine, ili kile kimoja kisijitokeze. Mapenzi nayo yana ujinga wake.

Sokoni, Mzee Satar alivaa miwani, akaisoma karatasi, akacheka.

"Taalai, hii ni nyumba au ukumbi wa harusi?"

"Kapima binti yangu huyo."

"Basi twende kwenye yale maboila madume."

Njiani alianza na mabomba. Baba aliyapenda ya plastiki, membamba na meupe, yanayosukumiwa maji na pampu.

"Umeme ukikatika je?" fundi aliuliza. "Pampu italala, maji yatachemkia ndani ya boila. Chukua ya chuma, mapana. Nitayapa mteremko, maji yatatembea yenyewe."

Kisha akasimama mbele ya boila refu kumpita Aiperi. "Na hili ndilo la vipimo hivi. Ila vipimo viwe vya kweli, Taalai. Boila kubwa kwenye nyumba ndogo utalinyima hewa ili msiive humo ndani. Makaa yatafukuta badala ya kuwaka. Bomba la moshi litajaa masizi mazito kama lami, na moshi utawarudia wenyewe."

Aiperi alisikia neno moshi, akamshika baba mkono. Baba alikuwa tayari anaitafuta pochi yake.

"Baba, usinunue! Nimeongeza."

"Umeongeza nini?"

"Kuta. Zote. Nilitaka mama apate joto jingi."

Wauzaji waligeuka kutazama. Uso wa baba ukawa mwekundu, akairudisha pochi mfukoni.

"Mwanangu," Mzee Satar alisema, "boila halijui unampenda mama yako kiasi gani. Linajua mita tu."

Walirudi nyumbani, wakapima upya wote watatu, na boila walilolinunua lilikuwa karibu nusu ya lile.

Baada ya wiki mbili moto wa kwanza uliwashwa. Rejeta zilipata joto moja baada ya nyingine, na moshi haukuonekana ndani hata kidogo. Jumapili mama alipiga simu, akamtaka Aiperi.

"Nakuuliza wewe. Baba yako, kwa hamu aliyonayo, ataniambia makomamanga yanaiva humo. Daktari anataka nyuzijoto ishirini. Chumba cha nyuma kina ngapi?"

Kipimajoto kilisema kumi na sita. Ishirini ilikuwa neno moja tu, na mama angekuwa njiani kesho. Aiperi alikisoma kipimajoto tena.

"Kumi na sita, mama. Moshi hakuna. Lakini upepo unapita dirishani."

"Haya, binti yangu," mama alisema, na simu ikakatika.

Aiperi alilia, hakujificha. Alipomaliza alipika uji wa unga wa ngano uwe gundi, akakata magazeti vipande virefu. Baba alijaza pamba kwenye nyufa za dirisha, naye Aiperi akabandika karatasi juu yake. Siku ya tatu nyuzi zilikuwa kumi na tisa, na alikuwa amesimama kwenye kiti akibandika kipande kingine, mlango ulipofunguliwa. Mama alisimama hapo na Bekzat mgongoni.

Aiperi hakuruka wala hakupiga kelele. Aliogopea kifua cha Bekzat. "Mama, si nilikuambia kumi na sita?"

"Ndiyo maana nimekuja." Mama alimshusha Bekzat, akachovya kidole kwenye uji wa ngano kuona kama umeshika, akachukua kipande cha gazeti. "Nyuzi nne zilizopungua tunaziziba kwa karatasi na unga. Ungenidanganya, mwanangu, uongo ningeuziba kwa nini?"