Ghorofani ni Ngazi Tu

Kitimwendo kilikata kona ya soko la Tabora bila kuongozwa na mkono wa mtu, kikasimama mbele ya Mkahawa wa Nyamizi. Viti vya aina hiyo havikuwa na usukani. Vilisoma mtandaoni maelezo ya kila biashara, upana wa mlango, mteremko, choo, kisha vikachagua njia.

"Tumefika," kilisema. "Mkahawa umeandika kwamba unafikika kwa wote. Mimi naona ngazi tu."

Nyamizi, mwenye mkahawa, alitoka mbio akijifuta mikono. Hakumjua mwanamke aliyeketi kitini, wala hakumtarajia.

"Karibu, mama! Ngazi zisikutishe, nina roboti wawili. Watakubeba kama yai."

"Mimi si yai, dada. Naitwa Sikudhani. Huko juu anaposwa binti wa kaka yangu, na mimi ndiye shangazi yake. Nisipofika hakuna wa kuwajibu."

"Sasa si ubebwe? Hapa tunawabeba wote. Ndiyo maana nikaandika panafikika."

Hapo Sikudhani akaelewa. Mwenzake hakudanganya. Aliandika ukarimu mahali palipotakiwa vipimo.

"Nikiingia mikononi mwa roboti, wakwe wataniona mzigo. Nani atasikiliza neno langu? Ningejua mapema, tungekutana kwingine."

Nyamizi akapanda juu kuwaita. Muda si mrefu wakwe, wazee na sinia za pilau wakashuka hadi uani, karibu na moshi wa jikoni. Sikudhani alimhoji kijana wao mpaka akatoa leso kujifuta jasho, ndipo akaikubali posa.

"Uandike ukweli," alimwambia Nyamizi wakiagana.

"Leo hii, shangazi."

Jioni Nyamizi aliiita Mshauri, akili unde iliyoendesha mkahawa.

"Andika: ghorofani ni ngazi tu. Uani panafikika, mlango una sentimita tisini. Choo cha wenye vitimwendo bado hatuna."

"Kongamano la wahandisi limekodi ghorofa wiki nzima," Mshauri ilijibu. "Sharti lao ni pawe panafikika. Watajitoa. Tusubiri kwanza wapite?"

"Kuna anayetumia kiti kati yao?"

"Sijui."

"Basi huenda yupo. Tuma."

Wahandisi walijitoa kabla chai ya Nyamizi haijapoa. Mshauri ikauliza kama irudishe maneno ya zamani.

"Hapana, yaache ya leo," Nyamizi alisema, akaanza kukunja vitambaa vya meza alivyokuwa amewatandikia.