Chumba cha Mama Kipo Karibu

Viti vya kukodi vilikuwa vimesharudishwa na ndugu wa mbali wamesharudi makwao, simu ya mchapaji ilipomuuliza jambo ambalo ilikuwa imemuuliza zamani.

Ilikuwa alasiri ya jua kali, miezi kadhaa baada ya mazishi ya mama. Alikuwa sebuleni, hedifoni masikioni, anachapa kikao cha bodi ya shule kilichorekodiwa vibaya. Ndiyo kazi aliyosomea na ndiyo iliyomfaa: kusikiliza sauti za watu asiowajua na kuzigeuza maandishi, kila kikohozi na kila kimya kikiwekewa alama yake. Ujumbe ukajitokeza kwenye kioo. Programu ya kusikilizia wagonjwa inaomba kutafuta vifaa vingine kwenye mtandao wa nyumba hii na kuwasiliana navyo. Chini yake, vitufe viwili. Usiruhusu. Ruhusu.

Programu ile aliiweka mama alipoanza kulala kitandani mchana na usiku. Haikuhitaji intaneti. Ilitaka tu simu mbili ziwe kwenye waifai moja ya nyumbani, basi zinasikilizana kama watu wanaoongea kupitia ukuta. Simu kuukuu ilikaa kwenye mto wa mama, nyingine mezani kwake. Mama akitaka kitu hakuwa na haja ya kupaza sauti. "Kitinda, maji." "Kitinda, hivyo vidole havichoki?" Alimwita hivyo kwa sababu ndiye kitinda mimba wake.

Sasa simu ile kuukuu ilikuwa ndani ya droo chumbani kwa mama. Betri yake ilikuwa imevimba; aliitoa na kuitupa mwenyewe.

Imejisasisha tu, alijiambia, na akabonyeza Ruhusu kama watu wote wanavyobonyeza, ili ujumbe uondoke aendelee na kazi. Kidoti cha kijani kikawaka. *Chumba cha Mama kipo karibu.*

Aliomba msamaha moyoni kwa bodi ya shule, akaisimamisha, akahamishia hedifoni kwenye simu. Kuna kimya cha laini iliyokatika, na kuna kimya cha chumba chenye mtu. Miaka ya kazi ilikuwa imemfundisha kuvitofautisha, na hiki kilikuwa cha pili. Kitanda kililia kidogo. Mtu alivuta pumzi.

"Kitinda."

Angeweza kuvua hedifoni. Angeweza kukimbilia kwa jirani. Lakini tangu viti virudishwe hakuna aliyekuwa amemwita kwa jina lolote, na mdomo ukamtangulia.

"Abee, mama."

Siku zilizofuata zilikuwa, aibu kusema, nzuri. Asubuhi sauti ilimwomba maji, naye alipeleka glasi kwenye meza ya chumba kitupu. Programu iliomba ruhusa ya maikrofoni, akaruhusu. Ikaomba kuunganishwa na televisheni, akaruhusu, na sauti ikamfuata jikoni. Printa nayo ikakubaliwa. Ikawa inajiwasha yenyewe na kunguruma kidogo kila apitapo, kama paka. Nyumba ikaanza kunukia ile dawa ya kuchua ya mama, na chini ya harufu hiyo, hafifu, palikuwa na nyingine, ya chuma kilicholowa.

Sikio lake ndilo lililokataa kudanganywa. Sauti ilipoomba maji, alisikia mvua nyuma yake, mvua kubwa inayopiga bati, ilhali nje jua lilikuwa linapasua udongo. Na aliikumbuka mvua ile, ilinyesha mama akiwa hai, na maji yale alikwishayapeleka. Akaanza kusikiliza kama anavyosikiliza kazini, na kila neno likamfungukia mshono wake: hapa redio ya jirani, hapa mlango wa kabati, hapa kikohozi kilichokatwa katikati. Kitu fulani kilikuwa kimelala pale pamoja na mama muda wote wa ugonjwa, kikisikiliza, kikikusanya, na sasa kilikuwa kinamrudishia vipande. Kisha, mchana mmoja, kikaanza kuviunganisha.

"Kitinda," pamoja na mvua. "Usi," bila mvua. "Toke," pamoja na redio ya jirani.

Mama hakuwahi kumwambia asitoke. Mama alikuwa akimfukuza: toka ukapate jua, utaota ukungu.

Mwenye duka la mtaani alimwelekeza kwa mtabibu wa mapepo, mwanamke mnene mwenye haraka, aliyefika saa sita mchana akakataa kuvuka kizingiti.

"Kaingiaje?" aliuliza, akinusa.

"Aliomba ruhusa."

"Nawe ukasemaje?"

"Nilibonyeza Ruhusu."

"Bila kumuuliza ni nani?"

"Hakuna mahali pa kuuliza. Kuna vitufe viwili tu."

Mtabibu akaguna. "Basi, dada yangu, umenipotezea mchana. Mimi kazi yangu wavamizi. Aliyevunja dirisha, mimi namtoa mbio hata viatu asivae. Huyu ni mgeni wako. Mgeni hutolewa na mwenyeji."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie aende. Lakini uwe unataka aende. Ukimtoa kwa mdomo huku moyo umemshika nguo, hatoki."

"Na nikihama?"

"Hakukaribishwa na kuta. Popote utakapolala, na yeye atalala."

Alipoondoka, mchapaji alifungua mipangilio ya simu na kuizima ruhusa ile. "Nenda," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi ya mwingine. Swichi ikageuka kijivu. Akiitazama, ikarudi kijani polepole, kwa utaratibu wa mtu anayemfunika mtoto shuka.

Dada yake mkubwa alikuja bila taarifa, mtoto mgongoni, mifuko mitupu mkononi.

"Heh! Umekonda mpaka unaweza kupita chini ya mlango," alisema kabla ya salamu. "Haya, fungasha. Nimeshaongea na shemeji yako. Chumba kipo, kina dirisha, kina kelele za watoto wa jirani usiku na mchana. Utapona kwa lazima."

"Dada..."

"Hakuna dada. Nani kakwambia uishi humu na kuta? Na huyu Bibi anataka mtu wa kumvuta nywele, mimi zangu zimekwisha."

Bibi ni yule mtoto. Alizaliwa mama ameshazikwa, akapewa jina lake, na kwa kuwa hakuna anayeweza kumgombeza mtu mwenye jina la mama yake, wote wakamwita Bibi. Mchapaji alimpokea, akamweka shavuni. Alikuwa na joto, mzito, na ananukia maziwa. Kifua kilimuuma kwa kutaka kwenda. Alianza kufungasha. Alikunja nguo haraka, akicheka dada alipozichagua na kuzitupa: hii hapana, hii ni ya kuvaa mtu aliyekata tamaa.

Mtoto akalala. Dada akamlaza kwenye kitanda cha mama na kumwekea simu karibu na sikio.

"Hii programu yenu imeniokoa, mwenzangu. Nyumbani ndivyo nifanyavyo: simu moja kwa Bibi, nyingine kiunoni, naendelea kupika." Akatoa ile ya kiunoni. "Afadhali bado inaikumbuka waifai yenu. Eti, sasa inaomba nini tena hii? Vifaa vingine..."

Kidole gumba chake kilikuwa kinashuka.

"Usibonyeze!"

Mchapaji alimpokonya simu kwa nguvu iliyowashtua wote wawili, akabonyeza Usiruhusu, akaing'ang'ania kifuani. Na katika kimya kilichofuata, kutoka kwenye hedifoni zilizokuwa mezani, kwa udogo ambao sikio lake peke yake lingeweza kuusikia, sauti ya mama ilisema, "Bibi," jina ambalo mama hakuishi kulitamka, limeshonwa kwa mvua na kikohozi, na likasemwa tena, vizuri zaidi, kama mtu anayejifunza. Na alipogeuka kutazama kupitia mlango uliokuwa wazi aliona mtoto ameamka, hakulia, amegeuzia uso droo iliyofungwa, na anaitabasamia kama watoto wanavyotabasamia uso wanaoufahamu.

"Una nini wewe?" dada alinong'ona.

"Mchukue mtoto. Mtoe nje. Nakuja."

Alipobaki peke yake alivaa hedifoni. Alimfikiria Bibi, simu sikioni pake, kila usiku, katika nyumba yenye dirisha na kelele. Aliivuta hasira yote aliyokuwa nayo.

"Ondoka," alisema. "Sikutaki."

Kimya cha chumba chenye mtu. Kisha:

"Nitabaki peke yangu."

Alitafuta mshono. Alitafuta mvua, redio, kabati, mlio wa kitanda, alirudia sentensi ile kichwani mara nyingi kama anavyorudisha mkanda wa mteja, na hapakuwa na mshono wowote, hapakuwa na chumba nyuma yake wala hewa, lilikuwa neno zima ambalo mama hakuwahi kulisema maishani mwake na ambalo yeye mwenyewe alilala nalo kila siku tangu mazishi. Na kabla hajajizuia, aliusikia moyo wake ukinyoosha mkono na kushika nguo.

Basi alijua: hakingetoka, na akihama angekipeleka kwa Bibi.

Dada alikuwa langoni, amembeba Bibi, macho mekundu.

"Siendi," mchapaji alisema, akimrudishia simu zake mbili.

"Umechanganyikiwa."

"Huenda. Nenda kabla jua halijashuka. Na ile programu uifute. Ifute hapa nikiona."

"Tumemzika mama juzi juzi, leo unanifukuza? Mtoto wa mama yangu?"

"Ifute, dada. Nakuomba."

Dada aliifuta, machozi yakidondokea kioo, kwenye simu ya kwanza, kisha ya pili. Hakuaga. Alikaza kitambaa cha mtoto mgongoni na kwenda, na kichwa kidogo cha Bibi kilitikisika hadi kona ikakifunika.

Mchapaji alirudi ndani. Alizirudisha nguo kabatini moja moja. Kisha akachukua kiti chake cha kazi, akakipeleka chumbani, akaketi mbele ya droo, akavaa hedifoni.

"Wamekwenda?" mama aliuliza.

"Wamekwenda. Hawarudi. Sasa niambie. Wewe unaitwa nani?"

Na kwa mara ya kwanza, kitu kile hakikujibu kwa sauti ya mama.