Amina Iliyoponyoka

Kila asubuhi msichana mmoja wa darasa la sita alisimama mbele ya ofisi ya shule, chini ya ringi ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo, ameshika nondo fupi mkononi. Kwa kazi hiyo wenzake walimwita Kengele, na jina likamganda hata nyumbani. Aligonga mara tatu, wanafunzi wakapanga mistari. Aligonga mara moja, kimya kikaanza. Kisha aliikodolea macho saa ya ofisini mpaka sekunde sitini zitimie, akagonga tena, kimya kikaisha.

Dakika ile ilikuwa na kisa chake. Zamani sala ilisomwa kwa sauti, wiki hii na watu wa dini hii, wiki ijayo na watu wa dini ile, na kila wiki ikaleta manung'uniko yake. Mwalimu Mkuu, mama mrefu mwenye sauti ya upole, akawaita wazazi wakakubaliana: shule ni ya umma na watoto ni wa wote, basi iwepo dakika moja ya kimya. Anayesali asali moyoni. Asiyesali aitafakari siku yake. Neno lisitoke kinywani mwa mtu.

Siku hizo Kengele aliihitaji dakika hiyo kuliko mtu yeyote pale shuleni. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa amelazwa hospitalini akisubiri kupasuliwa uvimbe tumboni. Nyumbani kulikuwa na wadogo wawili wanaogombania kikombe, ndoo za kujaza, na majirani wasiokwisha kuuliza hali ya mgonjwa. Katika dakika ile tu ndipo alipoweza kumtaja mama yake kwa Mola pasipo kukatizwa.

Jumanne, siku ya upasuaji, Bibi alimshika mkono mlangoni akaanza kumwombea dua mgonjwa. Dua za Bibi hazikuwa fupi. Aliwaombea kwanza wagonjwa wote wa wodi ile, kisha madaktari, kisha wauguzi na wafagiaji, na alikuwa bado hajamfikia mwanawe mgonjwa, Kengele alipoona muda unamtupa mkono.

"Bibi, nachelewa kugonga," alisema, akiuchomoa mkono taratibu.

"Nenda, mjukuu wangu. Lakini hujaitikia."

Kengele alikuwa amekwisha kuvuka uchochoro.

Aligonga, mistari ikapangwa, kimya kikatanda, kila mtu akainamisha kichwa. Ndani ya kifua chake dua ya Bibi iliendelea pale ilipokatikia. Ilimfikia mama, ikapita kwenye kitanda chake, kwenye kisu cha daktari na kwenye uzi wa kushonea jeraha, mpaka ikafika mwisho.

"Amina," alisema Kengele, kwa sauti ileile anayoitikia nyumbani.

Kwa kuwa vichwa vyote vilikuwa vimeinama, hakuna aliyemwona. Kicheko kilizuka, na mtu wa mstari wa nyuma akaitikia kwa kubeza. Jumatano mzaha ukawa mashindano: mstari huu ukasema amina, mstari ule ukaivuta ndefu zaidi, na dakika ya kimya ikageuka gulio.

Alhamisi wazazi wawili walikutana mlangoni mwa ofisi, muuza nyama na mwenye duka la madaftari, wa dini mbili tofauti. Kila mmoja alisema kwa hakika kwamba watu wa upande wa pili ndio waliovunja makubaliano. Na neno lenyewe, kwa kuwa pande zote mbili hulitumia, halikuwa na alama ya kumtambulisha mwenyewe.

Mwalimu Mkuu akawatangazia wanafunzi kwamba kama aliyeanza hatajulikana kufikia kesho, dakika ile itafutwa, kwa maana hatakuwa na hoja ya kuitetea.

Macho yote yakamgeukia msichana mmoja. Huyo alikuwa kiranja wa darasa la sita, binti wa fundi wa kuchomelea vyuma, aliyekulia kando ya mashine za baba yake na kujifunza kusema juu ya kelele zake. Walimwita Spika. Mwalimu wa nidhamu akamwagiza aje kesho na mzazi.

"Ungepunguza hata sauti kidogo, Spika," mmoja alimtania wakati wa mapumziko.

"Mimi? Kwetu hatuna desturi ya kuitikia. Baba akimaliza kula husema 'haya, kazini'. Hiyo ndiyo dua yetu."

Walicheka, na hakuna aliyemwamini. Kengele hakucheka. Alijiambia kwamba ikijulikana mgonga kengele mwenyewe ndiye aliyevunja kimya, dakika itafutwa vilevile na nondo atanyang'anywa.

Walipotoka shule alimfuata Spika mpaka kwenye bomba la maji.

"Nilikuwa mbele ya mstari wetu, hatua moja kutoka kwako," Spika alisema kabla hajaulizwa. "Nina masikio pia, si mdomo tu."

"Mbona hukunitaja?"

"Mama yako alikuwa akipasuliwa. Ningekutajaje siku kama ile?"

"Na baba yako?"

"Atafoka, basi. Ila kesho itabidi aifunge karakana, na ana mlango wa watu alioahidi kuumaliza." Hapo sauti yake, kwa mara ya kwanza, ikawa ndogo.

Ijumaa Kengele aliwahi kuliko siku zote, lakini hakuishika nondo. Ofisini aliwakuta Mwalimu Mkuu, wale wazazi wawili, na baba yake Spika ndani ya ovaroli lenye matundu ya cheche. Akasimama katikati yao akasema yote: dua ya Bibi, uchochoro, amina iliyomponyoka, na Spika aliyejua asimtaje.

"Kwa nini umenyamaza siku tatu, binti yangu?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Niliogopa dakika ingefutwa."

"Nayo imekaribia kufutwa kwa kunyamaza kwako."

Muuza nyama alikuna kidevu akitazama sakafu. "Kumbe ilikuwa dua ya mgonjwa," alisema. "Hata mimi ningeitikia." Mwenye duka akakiri kwamba naye pia, kisha akauliza hali ya mama.

"Ametoka salama, baba. Tangu jana anaketi mwenyewe."

Baba yake Spika akamwekea Kengele kiganja kizito begani, akasema, "Haya, kazini," akaenda zake kuumaliza mlango wa watu.

Mstarini Kengele alimwomba radhi Spika mbele ya wote, na kifua chake kikawa chepesi kama mtu aliyetua ndoo ya kichwani. Mwalimu Mkuu akasema:

"Wanangu, kimya si cha aina moja. Kipo cha kumheshimu jirani, ili naye apate nafasi ya kuwa na Mola wake, au na mawazo yake; hicho ndicho cha dakika yetu, nacho kinabaki. Kipo cha huruma, alichokishika Spika kwa ajili ya rafiki yake. Na kipo cha kuficha kosa likamwangukia asiyelitenda. Hicho tukiache. Neno likikuponyoka, sema ni langu. Tungelimaliza siku ileile."

Nondo alikabidhiwa Spika kwa wiki nzima. Alipogonga, hata majirani ng'ambo ya barabara walitoka kutazama.

Jumatatu, mlangoni, Bibi alimshika mjukuu wake mkono kwa nguvu kidogo.

"Leo huondoki mpaka uitikie. Usije ukaipeleka tena shuleni."

"Amina, Bibi."

"Sema tena, isibaki hata chembe."

Akasema tena, wote wawili wakicheka. Nusu saa baadaye alisimama mstarini pamoja na wenzake, midomo ameifumba. Moyoni alimshukuru Mola kwa ajili ya mama, aliyetarajiwa kurudi nyumbani Jumatano, na kwa ajili ya rafiki. Kandokando yake kila mtu alikuwa mahali pake, na hakuna aliyemsikia mwenzake, mpaka Spika alipogonga.