Gololi Iliyokataa Kutulia

Haya yalimpata jirani yetu, na mpaka leo ukimuuliza anabadilisha mazungumzo. Mtaa mzima ulimwita Bisibisi. Alikuwa fundi simu, meza yake ipo sebuleni kwa baba yake, na wateja walimpenda kwa kuwa hakuwa na maneno mengi wala mikono mizito. Jumamosi hiyo alikuwa amemaliza simu tatu kabla ya saa sita.

"Simu haitoki hapa bila kucheza," alikuwa akisema, na hakutania. Kila aliyoitengeneza aliijaribu kwa michezo ya kuinamisha: gari linalokata kona ukiizungusha simu kama usukani, ndege inayopanda ukiivuta kifuani, na gololi inayotembea juu ya ubao ikikwepa shimo. Michezo ya kubonyezabonyeza aliidharau. Kwake, mchezo mzuri ni ule unaochezwa kwa mikono yote miwili mpaka mtu anasahau kwamba kashika simu.

Gololi ikienda upande, aliilaza simu sakafuni na kubonyeza "Sawazisha", ili mchezo ujifunze usawa kutoka kwenye sakafu. Sakafu hiyo aliijenga baba yake, fundi mwashi wa enzi hizo, na mzee hakuchoka kujigamba: "Niletee sakafu iliyonyooka kuliko hii, nikupe nyumba!" Kiharusi kilikuwa kimemweka kwenye kiti cha magurudumu, lakini majigambo hakuyapunguza hata chembe.

Mchana akaingia mama wa makamo na simu iliyopasuka kioo. Ilikuwa ya marehemu mumewe.

"Nataka picha zake tu, dada," alinong'ona. "Alianguka ngazini. Ngazi tatu tu, za nyumbani kwetu."

"Pole sana, mama. Njoo jioni."

Mlangoni yule mama aligeuka kama aliyetaka kusema neno, akalimeza, akaenda zake.

Bisibisi akabadilisha kioo. Alipofungua michezo aliikuta yote mitatu ndani, akafurahi. Marehemu alikuwa mtu wake. Gari likakata kona vizuri. Ndege ikapanda. Gololi peke yake ndiyo iliyokataa kutulia. Simu imelala mezani, gololi yenyewe inatambaa polepole kuelekea shimo. Ubao ulikuwa na shimo moja tu, na haukuwa na mahali pa kumaliza. Nani katengeneza mchezo usio na mwisho? Bisibisi alijiuliza, akainama, akailaza simu sakafuni kama alivyozoea. Akabonyeza.

Gololi ikasimama. Akatabasamu. Kisha ikaanza kutambaa tena.

Matairi ya kiti cha mzee yakalia ukumbini.

"Bisi," mzee aliita kwa sauti ya chini. "Nani ananisukuma?"

Akachungulia. Hapakuwa na mtu. Breki za kiti zilikuwa zimefungwa, naye aliyezifunga ni yeye mwenyewe asubuhi. Kiti kilikuwa kinaburuzika kuelekea mlango wa nyuma. Mlango ulikuwa wazi. Nje yake, ngazi tano za saruji.

Aliitupia macho simu. Gololi nayo ilikuwa njiani, mwendo uleule.

Akainyakua, akaiinamisha kulia. Kiti kikasimama. Akainyoosha kidogo. Kikaanza tena. Kumbe hakuwa ameusahihisha mchezo. Alikuwa ameukabidhi sakafu, pamoja na aliyekuwa juu yake.

Akainamisha zaidi. Kila mara ilitaka zaidi.

"Fundi!" alipiga kelele dirishani. "Njoo umshike baba! Upesi!"

Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alikuja mbio na futi yake shingoni. Hakuuliza. Alimkumbatia mzee chini ya makwapa, akamnyanyua kutoka kitini. Bisibisi akashusha pumzi.

Halafu akaona.

Kiti kilibaki palepale, kimetulia. Fundi cherehani ndiye aliyekuwa anateleza, mzee kifuani, viatu vikikwaruza sakafu.

"Anavutwa," fundi alinong'ona. "Dada, huyu mtu anavutwa!"

Bisibisi alikuwa ameigeuza simu karibu ichungulie chini. Haikusaidia. Gololi ikafika kwenye shimo. Nusu yake ikawa hewani. Fundi akagonga kisigino kwenye kizingiti.

Kioo kikawa cheusi. Chaji ilikuwa imekwisha.

Fundi na mzee wakaanguka mlangoni, mmoja juu ya mwenzake. Hakuna aliyesogea, na hilo peke yake lilikuwa heri.

Yule mama hakurudi jioni, wala siku nyingine. Bisibisi alitoa betri, akaifunga simu kwenye kitambaa, akaapa kwamba haitaonja umeme tena. Alilia sana. "Ni mkono wangu, baba. Mkono wangu mwenyewe."

"Acha hizo," mzee alimwambia. "Kama ni kosa, ni la sakafu. Imenyooka mno." Akacheka kwa machozi.

Jumapili asubuhi Bisibisi alimpelekea mzee chai kitandani. Mikononi mwake chai ilikuwa imetulia. Mzee akakipokea kikombe, akakishika wima. Chai ikajikusanya upande mmoja, ikapanda mpaka ukingoni, na upande wa pili ukabaki mtupu. Ikakaa hivyo, mshazari, bila kumwagika.

Bisibisi akakichukua tena. Chai ikalala sawa. Akamrudishia. Ikainama.

"Baba," alinong'ona, "umelala vizuri?"

"Nilale vipi?" mzee alisema. Kucha zake zilikuwa zimechanika. "Kitanda kimeinama tangu jana, mwanangu. Usiku kucha nimejishikilia."