Mawe Meupe ya Bwawa la Orpah

Orpah alikuwa na bwawa la samaki nyuma ya nyumba yake, karibu na machimbo ya dhahabu ya Masara. Bwawa lenyewe si kubwa. Ukisimama upande huu unaweza kuzungumza na mtu wa upande wa pili bila kupaza sauti. Maji yake yalitoka kwenye chemchemi ya kilimani, na yalikuwa maangavu hata ungeona kokoto za chini. Orpah aliyasifu maji hayo kwa kila mgeni.

Shida ni kwamba ngege wake, yaani perege, hawakukua. Mwaka mzima walibaki wadogo kama kiganja, tena kiganja cha mtoto. Wakizaa, vifaranga vyao vinakufa. Orpah aliwapa pumba, akawapa mchwa, akawapa mboga za majani, na bado. Mumewe Elkana, ambaye ni mchimba dhahabu, alimtania kwamba anafuga omena, wale dagaa wa ziwani.

Mwaka huo wa 1996 Orpah alikwenda Homa Bay kumtembelea dada yake, Lynnet. Huko aliona jambo. Jirani wa Lynnet alikuwa na bwawa pia, na penye mfereji wa kuingiza maji aliweka pipa lililojaa mawe meupe madogo madogo. Maji yalipita kwanza ndani ya pipa, ndipo yakaingia bwawani. Samaki wa huyo jirani walikuwa wanene kweli. Orpah aliambiwa kwamba mawe hayo huyapa maji nguvu. Hakuuliza ni mawe gani. Aulize nini, na macho anayo? Mawe ni meupe, basi.

Masara haina uhaba wa mawe meupe. Wachimbaji huvunja mwamba mweupe kutwa nzima, wakauponda kutafuta dhahabu. Elkana alimletea mkewe toroli mbili za changarawe nyeupe kutoka kando ya dimbwi la kuoshea dhahabu. Changarawe imeshapondwa, imeshaoshwa, tena ya bure. Walipata pipa lililowahi kuwa na mafuta ya kupikia, wakalijaza. Kwa wiki tatu maji ya chemchemi yalipita humo hadi bwawani. Mimi siwacheki. Kama ningeishi Masara, ningefanya hivyo hivyo.

Asubuhi moja ya Alhamisi, Nyasuguta alifika kwa pikipiki. Huyu alikuwa afisa wa samaki kutoka Migori mjini, aliyekuwa akizungukia wafugaji. Kwao ni Kisii, wala hakujua lugha ya kina Orpah, kwa hiyo walisemezana kwa Kiswahili. Orpah alimpokea kwa furaha. Samaki wawili wa bwawani walikuwa tayari kwenye sufuria, wakichemka. Walikuwa wa Phanice, mke wa mwanawe, mwenye mimba ya miezi saba. Phanice alikuwa ameketi mlangoni pa jikoni akichambua mboga.

Nyasuguta alitoa karatasi nyembamba kwenye mkoba, akaichovya katika maji ya chemchemi. Karatasi ikageuka nyekundu. Alieleza kwamba maji hayo ni safi kwa macho, lakini ni makali kidogo, kama maji yaliyotiwa tone la ndimu. Tena hayana chokaa ndani yake. Samaki anahitaji chokaa ili mifupa na magamba yake yawe imara, na maji makali humchosha. Ndiyo maana ngege wa Orpah hawakukua.

"Nilijua kuna kitu," Orpah alisema. "Lakini nimeshatengeneza, dada. Nimeweka pipa kama la Homa Bay. Njoo uone."

Nyasuguta alipoona pipa alitabasamu. Alisifu kazi, akasifu pipa la mafuta ya kupikia, kwa sababu watu wengine hutumia mapipa ya dawa za tumbaku na kuua kila kitu. Kisha aliokota jiwe moja, akaligeuza mkononi. Tabasamu likapotea.

"Hii mawe mmetoa wapi?"

"Kule kwa mgodi," alisema Elkana. "Penye tunaosha dhahabu."

Nyasuguta alilirudisha jiwe ndani ya pipa. Alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akamwomba Elkana amimine mawe ya chini kabisa kwenye beseni kuukuu. Alitikisa beseni polepole. Katikati ya mchanga kikatokea kitone kidogo chenye rangi ya fedha. Kilikimbia huku na huku, kikakutana na kingine, vikawa kimoja.

Elkana alikitambua mara moja. Hiyo ilikuwa zebaki, ambayo wachimbaji huiita dawa. Wao huichanganya na mchanga ili ishike dhahabu. Alikuwa ameishika kwa mikono mitupu tangu ujana wake, na hakuna aliyewahi kumwambia lolote.

"Hiyo ni sumu, mzee," Nyasuguta alimwambia. "Ikiingia bwawani inaingia kwa matope, halafu kwa samaki, halafu kwa mtu anakula samaki. Ukipika haitoki. Ukikaanga haitoki. Na mtoto akiwa tumboni ndiyo inaharibu zaidi, inagonga akili yake kabla hajazaliwa."

Orpah aligeuka akakimbia. Alikimbia na umri wake huo, kitenge kikamdondoka njiani. Alipofika jikoni aliipua sufuria na kuiweka mbali, nyuma ya ukuta. Phanice alimtazama kwa mshangao. Hakuwa ameonja bado, na Orpah alimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akakumbuka. Jumapili iliyopita Phanice alikula samaki mmoja kutoka bwawa hilo hilo. Alikula peke yake, wote wengine wakakataa, wakasema apate nguvu.

Orpah aliketi chini pale pale kwenye vumbi. Phanice, ambaye sasa alikuwa ameambiwa, alishika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Mama, nilikula moja tu," alisema baadaye.

"Nilikupakulia mimi," Orpah alisema. "Kwa mkono wangu huu."

Nyasuguta aliwaambia ukweli. Hakuwaficha, wala hakuwatisha zaidi. Alisema samaki mmoja si sawa na samaki wa kila siku, lakini Phanice lazima aende hospitalini leo hii na aeleze kila kitu. Kisha akamuuliza Elkana dhahabu yake huichomea wapi. Elkana alijibu kwa sauti ndogo kwamba huichomea jikoni, kwa kijiko, juu ya jiko la mkewe. Nyasuguta alifumba macho kidogo. Moshi huo, alisema, hubeba zebaki, na ni mbaya kuliko mawe ya pipa. Mchana huo Elkana, bila utani wake wa kawaida, alimpeleka Phanice hospitalini.

Kazi iliyofuata ilikuwa chungu. Walifunga mfereji. Mawe yote yalirudishwa mgodini na kufukiwa katika shimo la mbali na mto. Vile vitone walivitia kwenye chupa yenye maji, wakaifunga kabisa, Nyasuguta akaondoka nayo. Alichukua pia matope na samaki watatu wa kupimwa maabara. Samaki waliobaki walizikwa. Orpah aliwahesabu wakiingia shimoni, mia moja na arobaini, na jirani mmoja akauliza kama amerogwa.

Wiki tano zilipita. Kisha barua ya maabara ikafika. Elkana aliisoma mara mbili, mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti. Zebaki ilikuwemo kwenye matope. Ilikuwemo kwenye samaki pia. Hakuna aliyekula chakula cha mchana siku hiyo. Elkana alitoka akang'oa jiko la udongo ambalo alikuwa akichomea dhahabu, akalizika. Tangu siku hiyo hajaleta dawa nyumbani tena.

Phanice alijifungua mtoto wa kike mwezi wa Julai. Mtoto alilia vizuri, akanyonya vizuri. Hata hivyo Orpah hakutulia. Kila siku alimpungia mtoto kijiti chekundu aone kama macho yanafuata. Yalifuata. Muuguzi wa kliniki alimpima kila mwezi, akasema anakua sawa.

Matope ya bwawa yalikuwa yamekwanguliwa yote na kufukiwa. Nyasuguta alirudi kuwaonyesha njia iliyo sawa. Kwanza aliwafundisha kuchagua jiwe. Jiwe linalotakiwa ni jiwe la chokaa, lile linalochimbwa upande wa milima ya Homa. Rangi haitoshi kulitambua.

Aliwaambia waponde kipande kidogo kiwe unga, kisha waukamulie ndimu. Unga wa jiwe la chokaa ulitoa povu na kuchemka kidogo. Unga wa jiwe la Masara ulilowa tu, ukakaa kimya.

"Na ile chokaa ya kupaka nyumba?" aliuliza Orpah. Safari hii aliuliza kila kitu.

"Hapana, hiyo imechomwa. Ukiweka kwa maji yenye samaki, inawachoma wote. Tumia jiwe lenyewe, mbichi."

Lynnet aliwatumia magunia matatu kutoka Homa Bay. Waliyaponda mawe yawe kama punje za mahindi. Yakiwa makubwa, maji yanayapita bila kuyagusa sana. Yakiwa unga, yanaziba pipa. Waliyaosha hadi maji yakatoka safi. Mdomo wa mrija wa kuingiza maji waliufunika kwa wavu ili majani yasiingie. Maji yaliingia chini ya pipa jipya, yakapanda katikati ya mawe, yakatokea juu na kuelekea bwawani. Waliyapunguza yatiririke polepole, unene wa kidole, kwa sababu ule ukali wa maji ndio unaolila jiwe, na kula kunataka muda. Karatasi ya kupimia ikichovywa juu ya pipa haikuwa nyekundu tena. Kila mwezi Elkana huyakoroga na kuyaosha mawe, maana hushika utelezi, na akiona yamepungua huongeza mengine.

Vifaranga vipya vya ngege viliingia bwawani mwezi wa kumi. Havikufa. Kufikia katikati ya mwaka uliofuata samaki walikuwa wakubwa kuliko kiganja cha Elkana, na wao wenyewe walikuwa wamezaa. Kabla ya kuvua, Orpah alipeleka samaki wawili kupimwa.

Siku ya kuvua walikaa wote kula. Orpah alipakua sahani ya Phanice, akamsogezea. Phanice alikuwa amempakata bintiye, aliyekaribia mwaka mmoja. Hakugusa chakula.

"Mama, usikasirike," alisema. "Hii imepimwa?"

Orpah hakukasirika. Aliingia ndani, akatoka na karatasi ya maabara, akaiweka kando ya sahani. Phanice aliisoma mstari kwa mstari, na watu wote wakamngoja. Alipomaliza aliikunja. Akachambua mnofu, akatoa miba yote, akamlisha mtoto kwanza.