Ukuta Unaotekenya

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hyasinta alichota maji, akafagia jiko na kumwosha uso mdogo wake Tluway, ambaye hakupenda maji hata kidogo. Waliishi Oldeani, katika nyumba ya shamba la kahawa ambako baba yao, Mzee Bartolomeo, aliendesha trekta. Umeme wao ulitoka kwenye jenereta ya shamba.

Jumamosi moja ya masika, fundi Wilibrodi alikuja kubadilisha sanduku la fyuzi lililoanza kuungua.

"Nimeleta na swichi ya kinga," alisema. "Fyuzi hulinda waya. Hii humlinda mtu. Umeme ukivuja, inakata papo hapo."

"Hiyo sitaki," baba alijibu. "Kwa jirani inakata kila mvua ikinyesha, wanakula ugali gizani! Niwekee fyuzi tupu."

"Umeme haujawahi kuwapiga hapa?"

"Hata siku moja."

Hyasinta, aliyekuwa karibu, aliyasikia hayo. Mvua ikinyesha, yeye na Tluway walishindana kushika ukuta wa mabati wa jikoni. Ukuta uliwatekenya mpaka wakacheka. Baba alikuwa amewakataza kucheza pale, na fimbo yake haikuwa ya mchezo. Hyasinta akamtazama Tluway, yuko peku, miguu imelowa, anaelekea jikoni. Labda huko kutekenya ndiko kuvuja kwa umeme.

"Baba, haupigi, lakini unatekenya," alisema, akaeleza yote.

Fundi alimdaka Tluway mlangoni. "Huko si kutekenya, mwanangu! Huo ni umeme, na mwenye miguu iliyolowa unaweza kumuua."

Alizima umeme, akafunga sanduku jipya pamoja na swichi ya kinga. Alipowasha, swichi ikakata.

"Si nilisema? Inakata ovyo!" baba alifoka.

"Haikati ovyo, mzee. Kuna mahali umeme unavuja."

Walizima tena, wakaufuata waya mpaka jikoni. Panya walikuwa wameutafuna, shaba imegusa mabati. Fundi akaweka waya mwingine. Safari hii taa iliwaka, swichi ikatulia.

Baba alikaa kizingitini, akampakata Tluway. Hyasinta alisubiri fimbo.

"Nilitaka kitu kisichonisumbua," baba alisema taratibu, "nusura nimpoteze mtoto. Ulijua nitakuchapa, na bado ukasema kweli. Siku nyingine ukiona hatari, sema, hata kama mimi baba yako nimekwisha kusema sitaki."